Hapo Wapi, Mama Watoto?

Kila mume anayetaka kununua kitu cha ovyo huanza na historia. Wangu alianza na mwaka 1959, pale Wally Byam, mwasisi wa kampuni ya Airstream, alipoongoza msafara wa trela 41 za kulala kutoka Cape Town hadi Kairo. Walipita Kenya, wakapokewa na Mfalme Haile Selassie kule Ethiopia, na mwaka uliofuata wakaegesha trela zao mbele ya piramidi. "Wazungu wamevuta vyumba vyao Afrika nzima," alisema Baba Watoto, "sisi tutashindwa kuvuta kimoja hapa Ohio?" Mimi bado natafuta jibu, na trela iko uani.

Si Airstream, nieleweke. Kiwanda cha Airstream kiko Jackson Center, humu humu Ohio, lakini mfuko wetu haufiki huko. Yetu ni binamu yake wa mbali, ya mwaka 1968: alumini ile ile, mgongo wa mviringo ule ule, ila kampuni yake ilishafunga milango zamani na hakuna wa kumpigia simu. Mama yangu, aliyeko Tanga, alioneshwa kwa video. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Na choo?" Nikamwambia kimo humo humo, hatua mbili kutoka kitandani. "Mnalala na choo!" akasema, na tangu siku hiyo akizungumza na mkwewe humpa pole kabla ya salamu.

Tulidhani kazi ni kupaka rangi na kubadili mapazia. Kumbe sakafu ni plaiwudi, na maji yalikuwa yakiitembelea kwa nusu karne. Kisigino changu kilizama nilipoingia tu. Ukitaka kubadili plaiwudi sharti ung'oe makabati, maana yameikalia. Ukiyang'oa makabati unakuta bati la ndani limelegea. Ukilitoa bati unakutana na pamba ya kioo ya kuzuia baridi, na ndani ya pamba hiyo panya wa Ohio, ambao Januari hawana pengine pa kwenda, wamejenga mtaa mzima wenye vichochoro. Baba Watoto alivaa barakoa na glavu akawahamisha. Mimi nilisimamia zoezi nikiwa jikoni, dirisha limefungwa.

Hayo yote tuliyamudu kwa sababu kila mtu alikuwa na kona yake ya kununia. Balaa lilikuja kwenye ribiti.

Trela za namna hii zimeundwa kwa mtindo wa ndege: bati lenyewe linasaidia kubeba uzito, na limeshonwa kwa maelfu ya ribiti. Kuibana ribiti moja kunataka watu wawili. Wa nje ana bunduki ya upepo inayogonga kichwa cha ribiti. Wa ndani ameshikilia kipande cha chuma kizito kwenye mkia wake, ili mkia upondeke na kubana. Wa ndani akiondoa chuma kabla wa nje hajaacha kugonga, bati linabonyea, na bati likishabonyea hapo lisamehe tu. Sasa zingatia kwamba hawa wawili wametenganishwa na ukuta, hawaonani, na kelele ni za kupasua masikio. Mhandisi aliyebuni utaratibu huu ama alikuwa kapera, ama alikuwa na nia ya kurudi kwenye ukapera.

"Umeweka chuma?"

"Nimeweka!"

"Wapi?"

"Hapo!"

"Hapo wapi, Mama Watoto?"

"Hapo unapopiga!"

"Mimi sijapiga bado!"

Jirani yetu, mzee wa Kimarekani asiyejua neno la Kiswahili, alihamisha kiti chake kutoka kibaraza cha mbele akakileta upande wa uani. Wanangu wananiambia alikuwa akiwaomba tafsiri.

Mwisho tukaafikiana kuacha maneno. Tukaweka kanuni ya kugonga bodi: gonga moja, anza, gonga mbili, simama, gonga tatu, chai. Nakwambia, kanuni hiyo ingetolewa siku ya harusi ingetuepusha na vikao kadhaa vya wazee. Kazi ikaenda. Ribiti zikajipanga mstari mmoja, na ugomvi wetu ukabaki kwenye gonga tatu tu, kwa kuwa Baba Watoto alidai nazipiga mapema mno.

Kuvuja nitakusema kwa kifupi kwa sababu bado kunaniudhi. Maji huingia kwenye tundu la hewa juu ya paa, hutambaa kimya kimya kwenye mbavu za bodi, kisha hudondoka mahali pengine kabisa, ili uzibe pasipo na tundu. Dawa yake ni kufunga madirisha, kuwasha feni kubwa ya kusukuma hewa ndani, kisha kupaka maji ya sabuni nje: panapotoka mapovu ndipo penye kosa. Tulipopaka, paa zima lilifua nguo. Limebaki tundu moja ambalo hatujalipata, nalo hudondokea mto wa Baba Watoto. Kwangu ni pakavu.

Kuhusu mizigo, wajuzi wanasema sehemu ya mbele ya trela ilikalie gari linaloivuta kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Nyuma ikiwa nzito, trela huanza kucheza mkia barabarani. Baba Watoto akachukua mizani ya bafuni, akapima, akatangaza kwamba tatizo ni kinu changu na mchi wake, nilivyoviweka kwenye kabati la nyuma pamoja na mbuzi ya nazi na gunia la mchele. Nikamwuliza kama yule Byam alipita Afrika nzima bila kinu. Hakujibu. Vikahamishiwa mbele, chini ya meza, na ndivyo tulivyofika Hocking Hills, humu humu Ohio, salama, tukala wali wa nazi msituni.

Siku ya kurudi kuna kituo cha kumwaga maji machafu. Utaratibu ni huu: unaunganisha bomba nene, unafungua kwanza tangi la choo, kisha la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, yasafishe bomba. Aliyeimiliki trela yetu kabla yetu aliweka vali za kuvutwa kwa waya, mpini ukawa upande wa pili, kwa hiyo anayevuta hamwoni anayeunganisha. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Mimi nikashika mpini, Baba Watoto akachuchumaa kwenye bomba, nikamkumbusha kanuni: gonga moja, anza.

Baadaye alieleza kwamba alikuwa ameinuka kufuata glavu, na kilichogonga bodi ni kichwa chake. Mimi nilichosikia ni gonga moja.