Maadui saba wa tangi la samaki, Masisi hadi Walikale

Tunahesabu kutoka adui mdogo hadi mkubwa. Tangi lenyewe ni la kioo, maji yake hayazidi bidoni moja la manjano, yaani lita 20: udongo chini, mimea, samaki wachache wa urefu wa kidole. Lita moja ni kilo moja, na mtu wa huku haelezwi kwa nini vitu vya nyumbani viwe vidogo, hasa baada ya watu kukimbia vita Januari 2025 kule Masisi-Centre na Machi mwaka uleule Walikale-Centre.

7. Paka. Weka kifuniko. Tuendelee.

6. Dirisha. Tunapenda kuliweka tangi dirishani ili wapita njia waone. Baada ya wiki mbili watakachoona ni sombe, maana jua kali hunenepesha mwani kabla ya mimea. Lisogeze ndani, lipate mwanga bila kuchomwa.

5. Hali ya hewa. Masisi asubuhi watu wako ndani ya makoti; Walikale saa hiyohiyo mtu keshatoa jasho. Kwa hiyo usiige tangi la shemeji yako. Mtu wa Masisi aliweke juu ya meza, mbali na sakafu ya saruji, na asinunue samaki anayedai nyuzi 26 usiku na mchana. Wa Walikale mna bahati: Bolbitis na Anubias, mimea inayouzwa kwa bei nzuri huko Ulaya, asili yake ni vijito vya misitu ya Afrika. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe. Ukilizika shina lake, umelizika kweli.

4. Umeme. Unaungojea? Ngoja. Robert Warington, mkemia wa London, hakuungojea. Mwaka 1850 alieleza jinsi samaki wake wawili wa dhahabu walivyoishi pamoja na mimea ya Vallisneria bila pampu yoyote. Mimea iliwapa oksijeni, nao wakailisha kwa kinyesi chao. Majani yalipoanza kuoza na kuchafua maji, akatia konokono, wakayala. Mwaka 1999 Mmarekani Diana Walstad akaandika kitabu kizima juu ya matangi ya namna hiyo, yenye udongo wa kawaida chini.

Na udongo, ndugu yangu, Masisi tunao! Tandaza sentimita mbili au tatu, funika kwa mchanga uliooshwa. Samadi ya ng'ombe hapana, hata kama ng'ombe ni wa kwenu na unamwamini. Ongeza jiwe la lava: limejaa vitundu, na bakteria wanaosafisha maji hupanga humo bila kodi. Konokono wa mtoni mwache mtoni, wengine hubeba kichocho.

3. Samaki wa mboga. Sambaza waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, nao wamezoea ziwa zima. Ukimgusa tu, amekwisha. Tilapia yeye haondoki kirahisi: atang'oa mimea, atakua, na siku moja utamkuta anageuka kwa awamu. Hao wote makao yao ni sahani. Na ukichoka na samaki wa dukani, usimmwage mto Lowa, mpe jirani.

2. Haraka. Tangi jipya halitaki samaki siku ya kwanza. Kinyesi chao hutoa amonia, ambayo ni sumu, na bakteria wa kuigeuza huchukua wiki nne hadi sita kujaa. Wakati huo wageni wa kwanza ni viluwiluwi wa mbu, wakijinyonganyonga juu ya maji. Malaria tunayo ya kutosha, kwa hiyo funika kwa kipande cha chandarua. Baadaye badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yalale wazi siku nzima kwanza. Jiwe la lava lisiguse sabuni.

1. Mkono wako. Na wa mtoto, na wa shangazi aliyekuja kusalimia akaona samaki "wamekonda", akawatupia tonge la fufu. Chakula kisicholiwa huoza, kuoza huleta amonia, na asubuhi samaki wanaelea tumbo juu huku shangazi akiuliza nani kawaloga. Walishe mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha kwa dakika mbili, na siku moja ya juma wafunge. Kopo la chakula lifungie kabatini, na ufunguo kaa nao wewe.