Kompyuta Imezima, Nani Kaiua? Washukiwa Wanane

Umeme ulikatika, umerudi. Taa zinawaka, friji inanguruma, redio ya jirani imeshapamba moto, lakini kompyuta ya mezani imenuna. Unabonyeza kitufe, kimya. Unabonyeza tena kwa hasira, kimya kilekile.

Mara nyingi aliyeanguka ni pawa saplai, lile boksi la bati lililo nyuma ya mashine, linalopokea volti 230 kutoka ukutani na kuzigeuza kuwa 12, 5 na 3.3. Inabadilishwa kwa skrubu nne, na bei yake haikaribii ya mashine nzima. Hata hivyo watu wengi huambiwa “madabodi imeungua” na kulipia madabodi kabla mtu yeyote hajashika mita. Hilo linaniudhi, kwa sababu anayeumia ni mwenye stesheneri anayechapa barua za watu, au mwanafunzi aliyechangiwa na ukoo mzima apate mashine.

Kanuni ni moja: anza ukutani, ingia ndani hatua kwa hatua, na usinunue kifaa kipya kabla cha zamani hakijapimwa. Twende, wa nane hadi wa kwanza.

8. Soketi ya ukutani

Chomeka chaja ya simu kwenye tundu lilelile. Ikichaji, achana na ekstensheni, chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Bado? Fungua plagi. Hizi plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, na fyuzi hukatika bila kuaga. Weka nyingine yenye ampea zilezile. Msumari si fyuzi, wala karatasi ya sigara si fyuzi. Msumari hauungui, inayoungua ni nyumba.

Jaribu na waya wenyewe pia. Waya wa monita na wa kompyuta kwa kawaida ni wa aina moja, zibadilishe tu. Kipimo cha bure, jibu la papo hapo.

7. Swichi ya nyuma

Ina alama mbili, I na O. I ni kuwasha, O ni kuzima. Ufagio hauzijui alama hizo, na kila Jumamosi unapita huko nyuma. Angalia kabla hujaita bodaboda ya kubeba mashine kwenda mjini.

Pawa saplai za zamani zina swichi nyingine, nyekundu, iliyoandikwa 115 na 230. Huku kwetu isome 230 daima. Ukiiweka 115 ukawasha, utasikia mlipuko, na baada ya hapo orodha hii utaanza kuisoma kwenye namba 2.

6. Ulinzi wa ndani

Pawa saplai nzuri ikipigwa na umeme mkali hujifunga yenyewe ili isiue vilivyo mbele yake. Huo ni uungwana, mpe nafasi. Chomoa waya ukutani, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, ngoja dakika chache, chomeka tena. Ikiwaka, shukuru, unakili mafaili yako yote siku hiyohiyo. Aliyezirai leo anaweza kuzirai kesho.

5. Kitufe cha mbele

Kitufe hubonyezwa na watoto, wageni na wenye haraka, kwa hiyo nacho huchoka. Fungua kava, fuata nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye kitufe hadi kwenye madabodi, uzitoe kwenye pini zake. Mashine ikiwa imechomekwa, gusanisha pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiamka, mgonjwa ni kitufe. Hakuna mshukiwa wa bei rahisi kuliko huyu, na ndiyo maana hasingiziwi na mtu!

4. Pawa saplai yenyewe

Tumefika kwa mwenyewe. Anza na pua: isogeze kwenye matundu ya feni. Harufu ya plastiki iliyoungua ni ushahidi, na pua haitozi shilingi.

Hakuna harufu? Chomoa mashine ukutani, kisha toa nyaya zote za pawa saplai kwenye madabodi, diski na kadi. Shika ile plagi kubwa ya pini 24. Waya wa kijani upo mmoja tu. Weusi wako wengi. Nyoosha kibanio cha karatasi, ukikunje katikati, ncha moja iingie tundu la kijani, ya pili tundu la mweusi wowote. Ondoa mkono. Sasa chomeka ukutani na uwashe swichi ya nyuma. Feni ikizunguka, kuna uhai. Isipozunguka, usilie bado, maana baadhi ya mpya huacha feni ipumzike mpaka joto lipande. Hapo mita ndiyo hakimu. Ukipima dhidi ya mweusi, njano isome kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Zambarau itoe volti 5 hata bila kibanio, ilimradi imechomekwa. Nje ya hapo, pawa saplai hiyo imekwisha.

Ikiwa ndani ya hapo, imefaulu mtihani mwepesi. Mtihani mzito ni kubeba mashine nzima, hivyo ukiweza azima nyingine nzima ya aina ileile ujaribu. Na kama nyaya zote ni nyeusi, usibahatishe. Mwachie fundi mwenye kipimo.

Kitu kimoja usikifanye: usilifungue boksi lenyewe. Kapasita kubwa iliyomo hubeba zaidi ya volti 300, na huweza kubaki nazo hata baada ya waya kuchomolewa. Fundi mzoefu huziondoa kwanza ndipo aguse. Udadisi ni mzuri, uhai ni mzuri zaidi.

3. Kifaa chenye shoti

Pawa saplai nzima, lakini feni ya prosesa inashtuka, inazunguka robo, inasimama? Kuna uwezekano mkubwa imeona shoti mahali ikajifunga. Ivue mashine: bakiza madabodi, prosesa na feni yake, na ramu moja. Hakikisha plagi ndogo ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa imerudi. Hiyo ikisahaulika, feni hupiga upepo mzuri na skrini hubaki nyeusi.

Ikiwaka hivyo, rudisha kifaa kimoja kimoja, ukichomoa ukutani kila mara. Kitakachoizima ndicho. Mulika tochi pia: skrubu iliyodondoka nyuma ya madabodi inatosha kuleta shoti, na mende aliyetafuta joto humo ndani naye anatosha.

Diski iwe ya mwisho kurudi. Madabodi inauzwa dukani. Picha za harusi na tasnifu ya miaka miwili haziuzwi popote. Diski ikianza kugonga tak, tak, zima palepale, usijaribu tena na tena. Usimkubalie pia anayetaka kubandika bodi ya diski nyingine haraka haraka: diski nyingi za leo zina chipu yenye vipimo vya diski ile peke yake, na bodi ngeni haivijui.

2. Pawa saplai ya badali

Nenda nayo dukani ile iliyokufa, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Kompyuta nyingi za Dell na HP za ofisini, zile zinazoletwa zikiwa zimetumika, zina plagi kuu za kwao zisizo na pini 24, na maboksi yenye maumbo yao. “Zote zinaingiliana, bosi” ni sentensi ya muuzaji anayetaka kufunga duka mapema.

Soma lebo: tazama ampea za volti 12, maana humo ndimo prosesa na kadi ya grafiki hulia. Wati 500 zilizoandikwa kwa herufi kubwa juu ya boksi jepesi kama mkate zikutie shaka. Na kama nyaya zinachomoka upande wa boksi, tumia zilizokuja nalo tu. Nyaya za kampuni nyingine zinaweza kuingia vizuri kabisa huku mpangilio ukiwa tofauti, na diski ikaungua siku ileile uliyokuja kuiokoa.

1. Umeme wenyewe

Muuaji mkuu hakuwahi kuingia ndani ya kava. Yuko kwenye nyaya, na kesho atarudi. Umeme ukirejea baada ya kukatika huweza kuja na kishindo. Nyutro ikikatika kwenye laini ya fezi tatu, nyumba iliyozoea 230 inaweza kupelekewa volti zinazokaribia 400. Radi nayo hupita hata kwenye waya wa intaneti, kwa hiyo mvua ya ngurumo ikianza, chomoa nyaya zote mbili.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja utulie. Frijigadi hufanya kazi hiyo bila kusahau: hukata volti zikizidi au zikipungua, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuruhusu. Jina linataja friji, lakini kompyuta haitaona wivu. Ukiweza, ongeza UPS upate dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu, na betri yake ikichoka uibadilishe. Hakikisha pia fundi umeme amepima waya wa ethi wa nyumba.

Kwa hiyo ukishalipia pawa saplai mpya, shilingi inayofuata iende kwenye kinga na kwenye diski ya nje ya kunakili mafaili. Spika kubwa na monita pana zisubiri zamu yao.