Kompyuta Yenye Gesi Tumboni

Saa nane za usiku mama mkwe alitoka chumbani na kanga mabegani, akaenda moja kwa moja ukutani, akashusha swichi kuu. Nyumba nzima, hapo Tabata, ikawa giza.

"Baba," akasema kwa upole wa mtu aliyeokoa mali, "pampu ya simtanki mmeiacha inakula luku tangu magharibi."

Simtanki ilikuwa imejaa tangu juzi na pampu yake ilikuwa imelala. Kilichokuwa kikivuma ni kompyuta ya mwandishi wa makala haya, aliyekuwa sebuleni akisubiri video ya harusi yenye urefu wa saa 4 imalize kuchakatwa. Ilikuwa imefika asilimia 91. Bibi harusi, shangazi zake wote na keki ya ghorofa tatu walipotelea gizani.

Ukweli ni kwamba sikio la mama halikukosea. Kompyuta hiyo, mtumba kutoka Dubai, hupozwa kwa maji, na ndani yake mna pampu kweli. Maji hupita juu ya prosesa, hubeba joto lake, hulipeleka kwenye rejeta yenye feni kama ya gari, kisha hurudi kubeba jingine. Watu wa mwanzo kujiundia mitambo hii nyumbani waliazima pampu za matangi ya samaki, zikiwemo za Eheim ya Ujerumani. Pampu ya mwandishi ni ya aina ya D5, iliyotoka kwa Laing, Wajerumani vilevile, waliokuwa wakitengeneza pampu za kuzungusha maji ya moto majumbani. Ikikimbia kwa nguvu zake zote hula wati 23 hivi. Pampu ya simtanki ya nusu farasi hula kama 370. Hesabu hiyo ilimfika mwandishi kooni, akaimeza. Mkwe hasomeshwi hesabu saa nane za usiku.

Muuzaji alikuwa ameapa kwamba mashine imetulia kama maji mtungini. Huenda mtungi wake ulikuwa unachemka.

Asubuhi mama alikaa karibu na kompyuta, iliyokuwa juu ya kabati la vyombo, akimlisha mjukuu uji, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hiki kitu chako kina gesi tumboni. Hakijacheulishwa." Mwandishi akacheka kwa adabu. Baadaye akachungulia tangi dogo la maji lililo ndani ya kasha na kukuta viputo vikizunguka kama mchele kwenye sufuria. Hewa ikiingia kwenye mapanga ya pampu, ile sauti laini hugeuka mkwaruzo na mgugumio, na maji yenyewe hayasukumwi sawasawa. Mwaka 1985 ilitoka Marekani kompyuta ya Cray-2, ambayo saketi zake zilizamishwa kwenye majimaji yasiyopitisha umeme, na watu wakaipachika jina la utani la Viputo. Hiyo walau haikuwekwa juu ya kabati la vyombo la mtu.

Dawa ikawa ileile ya mtoto. Kasha likainuliwa, likalazwa ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, likainamishwa mbele na nyuma, huku pampu ikiwashwa sekunde chache na kuzimwa ili viputo vipate nafasi ya kupanda kwenye tangi. Mama alisimamia. "Mgongo, baba, mgongo!" Na mwandishi, mtu mzima mwenye kitambi, akapigapiga bati la kompyuta kwa kiganja. Kila hewa ilipotoka, maji yalishuka na kuongezwa, maana pampu hiyo hulainishwa na maji yaleyale inayoyasukuma. Ikizunguka kavu, inajila yenyewe. Baada ya nusu saa mgugumio ukakoma. Mama akaifuta kompyuta kwa pembe ya kanga, karibu aivishe nepi.

Mvumo ulibaki.

Hapo mwandishi alifanya kosa la watu wote wa bidhaa za mtumba: akailaumu pampu. Alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya mpya alipofika rafiki yake, fundi wa gereji. Fundi hakuuliza bei. Alifungua skrubu 4 zilizoishika pampu, akaibeba kiganjani ikiwa bado inazunguka na mipira yake ya maji imeunganishwa. Sebule ikanyamaza. Glasi kabatini, zilizokuwa zikigongana kama zinatakiana heri, zikatulia. Akairudisha kwenye bati, na glasi zikaanza tena.

"Pampu yako nzima," akasema. "Umeiweka kwenye ngoma."

Mpiga ngoma akichapa fimbo hewani hakuna atakayecheza. Pampu hii, ikizunguka mara 4,800 kwa dakika, ni fimbo inayogonga mara 80 kwa sekunde; bati jembamba la kasha ndiyo ngozi, na kabati la mbao lenye uwazi ndani ndio mzinga. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. La mwandishi lilikuwa na maji, rejeta, feni 3 na deni la watu, na bado lilivuma.

Zikatolewa ndala. Ndala ya bluu iliyokatika kamba ilipasuliwa vipande 4, kila kimoja kikawekwa baina ya pampu na bati, na mwandishi, kwa furaha ya ugunduzi, akakaza skrubu mpaka bisibisi ikalia. Hakuna kilichobadilika. Alikuwa ameweka mpira halafu akautandikia daraja la chuma, na mtetemo ukapita darajani bila kuugusa mpira. Skrubu zikalegezwa mpaka pampu ikayumba kidogo ikiguswa kwa kidole, na mpira mmoja wa maji uliokuwa umevutwa kama kamba ya kuanikia nguo ukabadilishwa kwa mrefu zaidi, kwani nao ulikuwa ukipeleka umbea kwenye rejeta. Safari hii mvumo ulishuka kiasi kwamba saa ya ukutani ilisikika.

Angeishia hapo angekuwa mtu mwenye busara. Lakini akawaza: ikiwa ndala imefaa hivi, godoro je? Akaiweka kompyuta nzima juu ya kigodoro cha mtoto. Kimya kikatawala kwa dakika 20, halafu kikatawala kabisa, kwa sababu mashine ilizima yenyewe. Feni ya kisambaza umeme huvuta hewa kupitia chini ya kasha, na chini ya kasha palikuwa na sponji na harufu ya mkojo. Video ya harusi ilikuwa asilimia 64. Bwana harusi sasa alikuwa anapiga simu kila siku, na salamu zake zilikuwa zinapungua urefu.

Jambo ambalo lingetakiwa kuwa la kwanza likafanywa la mwisho. Nyuma ya D5 za namna hii kuna kitufe cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 5, na muuzaji alikuwa ameiacha pampu kwenye 5, kama mtu anayepika chai kwa moto wa pilau. Mwandishi aliogopa kuipunguza asije akaunguza prosesa. Basi na tupige hesabu. Joto la wati 200 likibebwa na maji yanayopita lita 4 kwa dakika, maji hutoka yamepanda digrii 0.7 tu. Punguza mtiririko uwe lita 2, yatapanda digrii 1.4. Zile mbio zote na kelele zote zilikuwa zikipigania sehemu ya digrii, katika jiji ambalo mtu akifungua dirisha mwezi Februari huingiza joto la kutosha kupika ugali.

Akashusha hadi 1, na ajabu, bati likaanza kuimba upya, kwa sauti ya besi. Pampu iliyoketi juu ya ndala ina myumbo wake wa asili, na ndala hukata mtetemo ulio na kasi kuupita kwa mbali. Kwenye 1, mizunguko ni 1,800 kwa dakika, yaani mapigo 30 kwa sekunde, nayo yalikuwa yameusogelea mno myumbo huo, hivyo badala ya kumezwa yakabembelezwa. Akapandisha hadi 2, na pale sauti ikafa. Akakihamisha pia chombo kutoka kabatini hadi kwenye sakafu ya saruji, chini yake vigae viwili vya kuacha upenyo wa hewa. Usiku huo harusi ilimaliza kuchakatwa, keki na shangazi wote wakiwa salama.

Wiki iliyofuata maji ya bomba yalitoka usiku, na mtu mmoja wa nyumba hiyo, ambaye ndiye mwandishi, akawasha pampu ya simtanki akaenda kulala. Alfajiri uani kulikuwa kama shamba la mpunga. Bata wa jirani walikuwa wameshafika.

Mama alisimama mlangoni, kanga ameipandisha hadi magotini. "Niliisikia usiku kucha, baba," akasema. "Nikajua ni kompyuta yako."