Jirani Yangu Besi

Ukitaka kujua nyumba yako ina matundu mangapi, panga jirani na baa. Sisi tumepanga Sinza, Dar es Salaam, na ukuta wa uani tunachangia na baa yenye nyama nzuri na spika katili. Mchana nao una mambo yake: anapita muuza sumu na kipaza sauti chake chenye tangazo lililorekodiwa, panya, mende, kunguni, viroboto, hamezi hata mate; akikata kona, anaingia wa aiskrimu na kinanda chake. Lakini hao wana miguu, wanaondoka. Besi haiondoki. Besi inahamia kwako, inakaa kwenye kabati la vyombo na kutikisa vikombe mpaka saa nane usiku.

Aliyetangaza vita ni shemeji yangu, ambaye alikuja kwetu kwa wiki mbili na hajasema ni zipi. Alipakua programu ya kupima kelele, akaiweka simu juu ya mto wangu, ikasoma desibeli 70. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unataka chumba cha kulala kisizidi 30 usiku.

“Mara mbili na ushee tu,” shemeji akasema. “Tunaimudu.”

Binti yangu wa kidato cha tatu, aliyeshinda siku nzima na hesabu za logi, akamkatiza: “Anko, desibeli hazihesabiwi kama maembe. Kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti inazidishwa mara kumi. Kutoka 30 mpaka 70 ni mara 10,000.”

Shemeji akazima simu. Dawa, akasema, ni trei za mayai. Studio zote za singeli alizowahi kuingia zimebandikwa trei ukutani. Akazunguka kwa wakaanga chipsi wa mtaa mzima, akarudi na mzigo unaonuka mafuta, akabandika ukuta wote wa chumbani kwa gundi ya mbao.

Trei ya mayai inasaidia kidogo kupunguza mwangwi wa sauti nyembamba ndani ya chumba. Kuzuia sauti isipite ukutani ni kazi nyingine kabisa. Wimbi la besi ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Kinundu cha trei hakifiki urefu wa kidole. Singeli ikapita bila hata kuinama. Waliofaidi trei zile ni mende, waliohamia wakiwa na familia zao, na mama wa nyumba ya pili aliyechungulia dirishani, kisha akagonga mlango kuuliza trei tunauza bei gani kwa jumla.

Nikaita fundi wa madirisha. Huyu hakupima chochote. Alizima taa, akatoka nje na tochi, akamulika, sisi tukabaki ndani gizani tukishangaa. Mwanga uliingia chini ya mlango, ukaingia hata pale ulipopita waya wa king'amuzi. Sauti, akasema, inapita humo humo. Na kweli: ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia moja tu, hata uwe mnene kiasi gani hauwezi kukata zaidi ya desibeli 20 hivi. Akatupigia mpira kuzunguka fremu ya mlango, akaweka mwingine chini, akaziba penye waya. Usiku ule sauti ya MC wa baa ilibaki kwao, pamoja na vicheko na chupa zinazogongana. Besi ilibaki kwetu, maana besi inataka ukuta mzito, na ukuta ni wa mwenye nyumba, ambaye hata bomba la choo hajalitengeneza.

Mama watoto hakungoja ukuta. Alileta vizibo vya sponji kutoka duka la dawa na kutufundisha: unakisokota mpaka kiwe chembamba, unapitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa na kuvuta sikio juu, unakiingiza na kukishikilia mpaka kivimbe. Shemeji alivisukuma tu kama vilivyo, vikamtoka alipopiga chafya. Mama watoto mwenyewe alilala fofofo, asisikie mita ya LUKU ikilia kwamba uniti zinaisha. Saa tisa umeme ukakata, feni ikasimama, na yote yaliyokuwa yamefunikwa na mngurumo wa feni yakanifikia kwa zamu: bomba linalodondosha, mbu, na shemeji anayekoroma.

Shemeji akataka tuandike barua kwa NEMC, baraza la mazingira. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, na zina meno. Lakini mama watoto alisema mtu anayekukopesha nyama mwisho wa mwezi humshtaki kabla hujanywa soda kwake. Nikaenda kunywa soda.

Meneja alinipokea kwa sauti iliyokauka. “Mzee wangu, hata mimi naumia!” Wateja wanapaza sauti kuushinda muziki, yeye anaongeza muziki kuwashinda wateja. (Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hili la mtu kupaza sauti penye kelele mwaka 1911, bila kufika Sinza.) Wahudumu hawasikii oda, kuna mzee aliagiza kongoro akaletewa konyagi, akainywa bila kulalamika. Spika nazo zilikuwa sakafuni, zimesukumwa kwenye kona iliyoegemea ukuta wetu, na kona huikuza besi bila malipo. Tukazitoa konani, tukazipandisha juu ya matairi makuukuu, tukazigeuza ziwatazame wanywaji, akapunguza besi. Vikombe vyetu vikatulia.

Jumamosi iliyofuata mama watoto aliniuliza habari za ada ya shule, kwa ile sauti ya nyumba iliyozoea kushindana na spika. Nikamwambia hali ni ngumu.

Jibu likatoka upande wa pili wa ukuta: “Shemeji, usimwamini! Jana alikuwa hapa anahesabu noti!”

Meneja akapunguza muziki zaidi, wateja wasikie vizuri.