Shimo la Mwalimu

Nyuma ya nyumba yangu, kati ya zizi la ng'ombe na mstari wa kwanza wa chai, kuna shimo. Lina kina cha futi kumi, ngazi ya mbao, mlango wa bati na kufuli. Aliyelichimba ni yule yule anayechimba vyoo kuanzia Kaplong hadi Chebilat, na mpaka leo hajakubali kwamba hapa kwangu hakuchimba choo. Kila tukikutana sokoni Sotik huniuliza kwa sauti, mbele za watu, "Mwalimu, kimeanza kujaa?"

Si choo. Ni ghala langu la mvinyo. Au lilikuwa.

Lawama zote namtupia mpwa wangu. Kijana huyu ni mkimbiaji, kama nusu ya vijana wa huku wanavyodai kuwa, ila yeye alipanda ndege kweli. Mwaka juzi alirudi kutoka mbio za barabarani huko Ufaransa akaniletea chupa moja ya mvinyo mwekundu, kaivisha soksi mbili isije ikavunjika. Akanisimulia pia habari za mbio za Médoc, zilizoanza mwaka 1985, ambako wakimbiaji huvaa mavazi ya vichekesho, hupita katikati ya mashamba ya mizabibu, na wakifika vituoni hukuta glasi za mvinyo zinawangoja. Mshindi hutuzwa mvinyo wenye uzito sawa na wake.

Nikamtazama mpwa wangu. Kilo 53, na viatu vyake. Nikamtazama shemeji yangu, aliyekuwa kwenye kochi akimalizia ugali wetu. Kilo 112. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nchi hii haiendelei. Tunapeleka watu wasiofaa.

Chupa ile tungeinywa jioni ile, mambo yangeishia hapo. Lakini kijana akatamka maneno yaliyonigharimu bonasi nzima ya chai: "Mjomba, usiifungue. Ukiiweka miaka kumi itakuwa tamu zaidi."

Nimefundisha miaka 34 na sijawahi kuona kitu kinachoongezeka utamu kwa kuwekwa. Sukuma wiki ukiiweka siku mbili inageuka njano. Pensheni ukiiweka inapungua ukiitazama. Basi nikataka kujua hawa Wafaransa wana siri gani, nikaanza kusoma. Mvinyo mzuri, wanasema, hutaka nyuzi 12 au 13 za joto zisizopanda wala kushuka, giza, na unyevu wa kutosha. Usitikiswe. Chupa ilazwe ubavu ili kizibo kibaki kimelowa, maana kikikauka hewa hupenya na mvinyo ukageuka siki. Kulala gizani mahali pa baridi bila kusumbuliwa na mtu! Hayo ndiyo maisha niliyoahidiwa baada ya kustaafu, na sasa nilikuwa naenda kuyanunulia chupa.

Shimo likachimbwa. Niliteremsha kipimajoto nilichoazima kwa jamaa anayepokea maziwa, kikasoma nyuzi 18. Si 13, lakini hata darasani kwangu 18 kwa 20 ilikuwa alama nzuri. Tatizo lilikuwa mtikisiko. Lori la majani chai likipita kwenda kiwandani, ngazi yangu hucheza peke yake. Na mvua ya mawe, ambayo huku Kericho na Bomet si habari bali ni jirani, ikianza kupiga ule mlango wa bati, hata mimi niliyesimama nje hutikisika.

Bonasi ya chai ilipoingia mwezi wa Oktoba, wenzangu walinunua mabati na ng'ombe wa gredi. Wengine walipotelea mjini wiki nzima. Mimi nikapanda matatu hadi Nairobi, kwenye duka moja lenye baridi kama chumba cha maiti, nikahudumiwa na kijana aliyezungumzia chupa jinsi wazee wetu wanavyomzungumzia fahali. "Huu, mzee," akasema akifumba macho, "una harufu ya ngozi, tumbaku, na udongo uliolowa mvua." Nikamwambia hiyo ni harufu ya marehemu babu yangu, na hatukuwahi kulipa ili kumnusa.

Nilinunua chupa kumi na mbili. Bei ya moja ingetosha mifuko miwili ya mbolea. Zilikuwemo za mwaka 2009, za 2015 na za 2016, miaka ambayo huko Bordeaux jua na mvua vilielewana. Moja, kijana alinionya, isifunguliwe kabla ya 2038. Nikapiga hesabu. Mwaka 2038 nitakuwa na miaka 76. Daktari tayari amenikataza chumvi. Kufikia hapo huenda nikaruhusiwa kusoma lebo tu.

Kama mwalimu, kilichoniudhi zaidi ni madaraja yao. Mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, madalali wa Bordeaux waliyapanga mashamba bora ya mvinyo mwekundu katika madaraja matano. Matokeo hayo yanatumika mpaka leo! Aliyepandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza ni mmoja tu, Château Mouton Rothschild, mwaka 1973. Sisi Kenya tumekwisha kuzika mfumo mmoja wa elimu, tukazika 8-4-4, na sasa tunahangaika na mwingine. Wao wangali wanauza kwa cheti cha babu wa babu yao.

Kijiji nacho hakikukaa kimya. Mtu anayeshuka shimoni usiku na tochi, akatoka na kufunga kufuli, huku kwetu ana neno moja tu: chang'aa. Alfajiri moja naibu chifu akabisha, yuko na mzee wa Nyumba Kumi. Akateremka mwenyewe, akamulika stempu ya ushuru ya chupa moja baada ya nyingine kama anayesahihisha mtihani. Ile ya mpwa haikuwa na stempu, ikanibidi nisimulie habari ya soksi tangu uwanja wa ndege hadi akachoka.

"Unauza?"

"Siuzi, mkubwa."

"Unakunywa?"

"Bado."

Akazima tochi. "Mwalimu, walevi nawajua wote wa lokesheni hii. Wewe una pombe na huinywi. Huo ni ugonjwa mwingine."

Nilitaka kumwonyesha kwamba wenye ugonjwa huu ni watu wakubwa. Nikamweleza kuwa mwaka 1985, kwenye mnada wa Christie's kule London, familia ya Forbes ilinunua kwa pauni 105,000 chupa ya Lafite ya mwaka 1787 iliyosemekana kuwa ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Wakaisimamisha kwenye kabati la maonyesho, taa zikaichoma, kizibo kikakauka kikatumbukia ndani. Baadaye ikatiliwa shaka kama Jefferson aliijua hata kwa jina. Nikamweleza pia habari za Rudy Kurniawan, aliyekuwa akichanganya mvinyo nyumbani kwake California, akibandika lebo za zamani na kuwauzia matajiri, hadi akafungwa miaka kumi mwaka 2014.

Naibu chifu akatikisa kichwa. "Huyo hata hapa tunaye," akasema, "ila wa kwetu hana lebo."

Mke wangu hakugomba. Yeye ni mama wa kanisa, na mama wa kanisa akitaka kukugombeza huendelea na kazi yake tu. Jikoni kwake, kwenye kona isiyofikiwa na jua, husimama vibuyu vinne vya mursik. Siku ile alikuwa anatayarisha kimoja. Akakisugua ndani kwa sosiot, ule ufito wa mtende ambao ncha yake imepondwa ikawa brashi. Akachoma kijiti cha senetwet kikawa kaa jekundu, akalitia kibuyuni, akaliponda na kulisugua ukutani huku akikizungusha kibuyu magotini, taratibu, mpaka ndani pakang'aa weusi kama kiatu cha askari. Akakung'uta unga uliobaki. Ndipo akamimina maziwa aliyoyachemsha na kuyapoza, akafunika, akakisukuma kibuyu kwenye kona. Ikifika siku yake hukigonga kwa kiganja, akasikiliza. Hana kipimajoto. Maziwa hutoka mazito, ya rangi ya mawingu ya Aprili, na hakuna mgeni aliyewahi kuambiwa asubiri 2038.

"Hata mpwa wako," akaniambia bila kuinua kichwa, "aliposhuka kwenye ndege alipokewa na kibuyu. Sikusikia akiulizia soksi."

Kisha ikaja siku ya koito, mazungumzo ya mahari ya binti yetu. Wageni wa upande wa kijana walifika asubuhi, ng'ombe wakazungumzwa, wali ukaliwa. Zamani wazee wangekalia chungu cha pombe ya maiywek, kila mmoja na mrija wake mrefu, mazungumzo yakashuka yenyewe. Lakini mke wangu alikwisha kutangaza kwamba pombe haitaingia bomani mwake. Kufikia saa tisa wazee walikuwa wakitazamana kama watu walio kwenye foleni ya benki, na idadi ya ng'ombe, kwa hasira, ilikuwa inaanza kubadilika.

Mimi nilikuwa nimewasindikiza vijana barabarani. Nyuma yangu, shemeji akawaambia wazee kwamba chini ya ardhi kuna maji ya zabibu. Mke wangu akauliza ni zabibu kweli? Shemeji akamkumbusha arusi ya Kana. Ufunguo ulikuwa chini ya ndoo ya kukamulia, mahali ambapo shemeji, ambaye hajawahi kukamua ng'ombe, sijui alipajulia nini.

Chupa tatu zilikuwa na vifuniko vya kusokota. Miezi saba nimezilaza ubavu ili kulowesha vizibo ambavyo hazina! Hizo zilifunguka upesi. Tisa zilizobaki zilihitaji kizibuo, na kwa kuwa kizibuo kilikuwa mfukoni mwangu, shemeji alitumia bisibisi. Vizibo vyote vikatumbukia ndani kama kile cha Forbes. Niliporudi, nilikuta chungu cha mama yangu katikati ya wazee, mirija imezama, na ndani ya chungu 2009, 2015, 2016 na ile ya 2038 wamekutana wote na kumsalimia Fanta ya machungwa.

Mzee mmoja wa upande wa kijana, mkubwa kuliko wote pale, akavuta, akanyamaza, akavuta tena. Nikasogea. Pengine angesema ngozi, au tumbaku. "Imechacha," akasema. "Ongezeni sukari."

Usiku ule nilikaa ukingoni mwa shimo nikaendelea kusoma, kwa sababu mwalimu hana dawa nyingine. Ndipo nikafika mahali palipoeleza jinsi wale wa Bordeaux wanavyouza. Mvinyo ukiwa bado uko kwenye mapipa, majira ya kuchipua baada ya mavuno, wanunuzi huonja na kulipa. Chupa zenyewe huzipata karibu miaka miwili baadaye. Nilisoma mara mbili. Mkulima analipwa kwanza, mzigo anautoa baadaye.

Sisi? Leo napeleka majani kituoni, yanapimwa, napewa risiti. Mwisho wa mwezi naonjeshwa malipo kidogo. Salio linangoja mwaka wa hesabu ufungwe, viongozi wakutane, ndipo Oktoba tuitwe kuambiwa bonasi ni ngapi, na kwamba wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa wamepata zaidi. Mfaransa huvuna mara moja kwa mwaka. Mimi huchuma kila baada ya wiki moja au mbili, mwaka mzima, mawe yakininyea kichwani. Jina la shamba lake liko kwenye chupa. Majani yangu mawili na chipukizi huchanganywa na ya jirani asiyepalilia, yakatoka kiwandani yakiitwa BP1 au PF1, kama namba ya gari la serikali. Kisha yanafika mnadani Mombasa, ambako mwonjaji huyavuta kwa kishindo na kuyatema, sawasawa na waonja mvinyo, ila huyu hasemi yananuka babu ya mtu.

Kumbe mwenye ghala kongwe si Forbes wala mimi shimoni. Ni mkulima wa chai wa Sotik, anayeweka pesa zake mahali asipopajua na kuambiwa zinakomaa.

Shimo sasa lina viazi, na vimependezwa na nyuzi 18. Chupa iliyosalimika ni moja tu, ile ya mpwa wangu. Shemeji aliiona pale chini na kuipita, akidhani ni soksi. Nimeilaza upya kati ya viazi, na juu ya soksi nimebandika karatasi yenye mwandiko wangu wa ubaoni: Ifunguliwe siku kiwanda kitakapotulipa bonasi kabla ya kuchuma. Wajukuu zangu wataikuta bado imefungwa.