Filimbi ya Saa Tisa Usiku

"Kaka, nani amefariki?"

Aliyeniuliza ni mlinzi wa gesti, blanketi mabegani, tochi usoni pangu. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja na filimbi bado mdomoni. Nyuma yangu wenzangu 26 wamepanga foleni ya bomba na miswaki yao, na juu ghorofani mgeni tusiyemjua, amejifunga taulo, ananikodolea macho kama anayekariri sura yangu ili aje aitambue mahakamani. Ilikuwa Kigali, saa tisa za usiku. Saa yangu ya mkononi ilisema saa kumi na moja alfajiri.

Wiki tatu zimepita. Juzi nimeshuka Kayanga, mjini kwetu Karagwe, kununua chumvi, na muuza dagaa ambaye hajawahi kufika hata Benako karibu na mpaka akaniita "Jogoo".

Nijitetee. Utunzaji wa muda sikuugombea. Katika msafara wetu mzima wa ziara ya Rwanda, wenye saa za mkono tulikuwa wawili, mimi na mwalimu wetu, na ya mwalimu ilikuwa imesimama. Siku ya kwanza tulikuwa na miadi saa tatu asubuhi, kwenda kuona kahawa inavyooshwa. Nikawakimbiza watu, chai wakaiacha nusu, tukafika getini saa tatu kamili. Hakuna mtu. Tukakaa ukingoni mwa barabara saa nzima tukiwateta wenyeji: mji safi, sawa, lakini muda hawajali. Mwenyeji wetu alipofika, akatukuta tumepauka kwa njaa, akatazama saa yake na kusema kwa Kiswahili kizuri, "Karibuni. Ninyi mnaamka mapema sana!" Alikuwa amefika kwa wakati, hata dakika moja haikuzidi.

Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, nayo Burundi vilevile. Hilo tulifundishwa darasa la sita tukalifaulu. Tatizo ni kwamba maneno yanafanana. Mnyarwanda naye huhesabu kama sisi: saa mbili yeye huiita saa mbiri, na ni ileile ya baada ya kuamka. Kwa hiyo mkisema "saa tatu" mnaelewana kabisa, kisha kila mtu anaifuata saa tatu yake. Simu nazo hazikusaidia. Simu huchukua saa kutoka kwenye mnara inaounasa. Wenzetu wa Kyerwa wanaokaa ukingoni mwa Mto Kagera wanalijua hili: simu ikinasa mnara wa ng'ambo, saa inarudi nyuma, ukiingia mgombani, inarudi mbele. Sisi wengi tulikuwa tumezizuia kunasa minara ya ugenini kwa kuogopa makato, simu zetu zikabaki Tanzania wakati miili iko Kigali.

Jioni ile mwalimu aliniita pembeni. "Saa yako imewatangulia hawa kwa saa moja," akasema. "Rekebisha." Nikarekebisha. Nikaisogeza mbele saa moja. Mpaka leo sijui ni pepo gani aliyenishika kidole.

Baada ya filimbi hakuna aliyelala tena. Wengine walikaa vibarazani wakinong'ona, na kila waliponong'ona nilisikia jina langu. Nami nikakaa peke yangu kwenye ngazi kungoja mapambazuko. Ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona maishani: saa kumi na mbili asubuhi, kwa saa ya mlinzi, na jua hilo linachungulia.

Kwetu Kiruruma, Karagwe, jua halijui adabu hiyo. Saa kumi na mbili ni giza la kumkanyaga mbwa. Jua huja ikikaribia saa moja, na siku nyingine saa moja yenyewe inalikuta ndiyo kwanza linapanda migomba. Babu zetu waliosema saa moja walimaanisha saa ya kwanza ya mchana, mtu ameshapata jua la saa nzima. Kumbe saa ya Kiswahili inatunzwa vizuri zaidi Rwanda kuliko kwetu tunaojiita wenye lugha.

Nilichukua kalamu, nikapiga hesabu nyuma ya ratiba ya ziara. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii moja kwa dakika 4. Kigali iko kwenye digrii 30 za mashariki, karibu kabisa na mstari wa saa yao. Sisi Karagwe tuko kwenye digrii 31 hivi. Jua letu na la Kigali yanapishana dakika 4 tu. Saa zetu zinapishana dakika 60. Saa ya Tanzania imefungwa kwenye digrii 45. Digrii 45 haziko Dodoma. Hata Dar es Salaam haizifikii. Yenyewe iko 39. Ziko huko baharini, na ukizifuata kaskazini unatokea jirani na Mogadishu. Kwa hiyo mtoto wa Kiruruma huamshwa kwa jua la Wasomali.

Hapo kicheko kilinitoka. Nilikumbuka shule ya msingi: giza, umande wa migombani unaolowesha kaptula, mdogo wangu ameshika shati langu kwa nyuma asipotee, na mbele getini mwalimu wa zamu na fimbo ya wachelewaji. Nimechapwa miaka saba kwa kosa la longitudo. Hakuna aliyetuambia kwamba mwenzetu wa Dar es Salaam, kengele ikilia saa ileile, jua kwake limeshatangulia zaidi ya nusu saa.

Mengine ya safari ni madogo. Mpakani Rusumo, mfuko wa nailoni ambao mama aliuficha tangu katazo letu la 2019 ulikamatwa, na akamwani yangu, kahawa yetu ya kutafuna, ikaingia Rwanda kwenye bahasha. Nilisalimia watu "mwaramutse", salamu yao ya asubuhi, saa kumi na moja jioni. Kule magari hupita kulia. Nilitazama upande wa kwetu, pikipiki ikanikosa kwa unene wa shati.

Sisemi nchi igawanywe saa mbili. Nchi moja na iwe na saa moja, hilo nimelikubali. Lakini kengele ya shule si jambo la Muungano. Inaweza kugongwa Kagera nusu saa baadaye, na watoto wakaiona njia.