Masikio Juu, Masikio Chini

Familia ya Kiingereza inayotaka kambwa kadogo ina mtihani: Norwich Terrier au Norfolk Terrier? Wote miguu mifupi, wote manyoya makavu, kimo sentimita 25 hivi, na wote kazi yao ya asili ni kuwinda panya. Tofauti? Norwich masikio yamesimama, Norfolk yamelala. Basi! Kwa hilo, Kennel Club ya Uingereza, chama cha mbwa, ikawatenga kuwa aina mbili mwaka 1964. Wamarekani, watu wa subira, wakatafakari hadi 1979. Sasa baba anasoma vitabu, mama anapima sebule, watoto wanapiga kura. Mbwa mwenyewe akishafika atafukua bustani na kumbwekea mleta barua, masikio yaelekee kokote. Panya nao, hakuna aliyewahi kuuliza ukoo kabla ya kukimbia.